Ramadhani ya 16: Utulivu wa nani?



Ndugu zangu waumini, mliopo hapa Kasulu mjini na mliotawanyika Makere, Heru Juu, Buhigwe mpaka Kibondo, nawatakia swaumu yenye kukubaliwa. Tumevuka nusu ya mwezi. Wengi mliniomba leo niendelee na zakatul-fitri, na inshaallah tutaifikia kwa wakati. Lakini nina deni limenikaa kooni tangu mwaka jana, na kila nikishika simu niandike kitu kingine, deni hilo linanitangulia.

Usiku mmoja wa kumi la kati, mwaka jana, tulikuwa kwenye tarawehe mvua ikaanza. Mnaijua mvua ya kwetu ikishuka juu ya bati lisilo na dari. Sauti ya imamu ikapotea kabisa. Ndugu mmoja aliyekuwa karibu na amplifaya akanyoosha mkono akaongeza sauti, na spika zote zikapiga ule mlio mkali wa kukwaruza. Sisi tulikunja uso tu. Nyuma kulikuwa na mtoto wa kiume, miaka kama kumi na moja, amekuja na baba yake. Akaziba masikio kwa viganja, akapiga kelele. Haikuwa kulia. Ilikuwa kelele moja ndefu isiyokatika, halafu akajitupa chini akawa anapiga kisogo ukutani. Safu mbili za nyuma zikavurugika. Wengine walikata swala wakamzunguka, huyu anamshika mkono, yule anamwambia "nyamaza, nyamaza", mwingine kaanza kumsomea Ayatul-Kursiyyu kwa sauti ya juu sikioni.

Mimi nilipotoa salamu nilikwenda moja kwa moja kwa baba yake. Nikamwambia, "Bwana, mtoto mpeleke nyumbani. Watu wanaswali." Nilidhani nimesema kwa adabu, maana sikupaza sauti. Baba wa watu hakunijibu. Alimbeba mtoto mkubwa vile begani, akatoka naye kwenye mvua. Hakuonekana tena mwezi wote. Baadaye nikaambiwa Ijumaa anaswali mahali pengine, nje, barazani, ili awe karibu na njia.

Nilikaa na jambo hilo karibu mwaka mzima. Shaabani iliyopita ndipo nilipopiga moyo konde nikaenda kwao kuomba radhi.

Nilipokelewa vizuri, zaidi ya nilivyostahili. Mtoto alikuwa kwenye chumba cha stoo, amejibanza katikati ya magunia mawili ya maharage, anapukuchua mahindi kwenye kopo. Hakunisalimu wala hakunitazama. Pembeni yake alikuwa amepanga magunzi mstari mmoja ulionyooka kama safu ya swala. Nilipopita nikaligusa moja kwa mguu bila kukusudia. Akanyoosha mkono akalirudisha mahali pake, macho yakiwa palepale kwenye kopo. Nilikaa pale karibu nusu saa na sikusikia kelele yoyote. Yule mtoto niliyemwita msumbufu alikuwa ametulia kuliko mimi niliyekuwa natafuta maneno ya kuanzia.

Nikamwambia mama yake, nisamehe dada yangu, siku ile tulikuwa hatujui namna ya kumtuliza. Akanitazama. Akasema, "Ustadh, mwanangu hakuwa anawasumbua. Alikuwa anaumia."

Jamani, nimesoma vitabu, nimefundisha watu. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipindua. Maana nilipofikiri vizuri niliona kwamba siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyetaka *kumtuliza* mtoto. Tulitaka tutulie sisi. Tuliposema "mtulize huyo", maana yake ilikuwa "tuondoleeni kelele". Na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mtu anaweza kunyamazishwa, kwa kutishwa, kwa kuchapwa, kwa kufungiwa ndani, na moyoni mwake bado moto unawaka. Kunyamaza tunakusikia kwa masikio yetu. Kutulia anakujua mwenyewe.

Mtoto huyu ana usonji. Neno hili wengi tumelisikia redioni, hasa kila tarehe 2 Aprili, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2007 kwa ajili ya jambo hili. Usonji si homa wala si kitu cha kuambukizwa. Ni namna ubongo ulivyoumbika na kukua, mtu anakuwa nao tangu utotoni na anaishi nao. Daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliuandika mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11, na hata wale 11 hawakufanana. Mmoja haongei kabisa, mwingine anaongea kama kitabu. Mmoja hawezi kukaa kwenye kelele, mwingine kelele anaitafuta mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 ilikuwa takriban mtu 1 kati ya 127. Hesabu hiyo ipelekeni kwenye swala ya Ijumaa: msikiti wenye watu mia tano, na familia zao nyumbani. Basi tusijidanganye kwamba ni "yule mtoto mmoja wa mtaa ule". Wapo. Wengine wamefichwa ndani, na wengine ni watu wazima tunaowaita wakali, au wenye maringo, kwa sababu hawapendi kushikwa mkono.

Kwa wengi wao milango ya hisia imefunguka zaidi ya yetu. Spika iliyotukera sisi kwa sekunde mbili, yeye inamwingia kama msumari. Manukato ya udi tunayoyafurahia yanamjaa kichwani. Kola ya kanzu mpya inamkwaruza shingo mpaka hasikii kingine chochote. Vikijumlika vyote, na watu wamembana, na hakuambiwa kabla nini kinakuja, anafurika. Huo si ukaidi. Mkaidi anapiga kelele apewe pipi, akipewa ananyamaza. Huyu hata ukimpa duka zima haitasaidia, maana hana anachotaka isipokuwa maumivu yaishe.

Hapa niseme la kisomo, maana najua mtaniuliza. Sikatazi dua, na Qur'ani ni ponyo. Lakini tusiharakishe kusema ana jini kila tunapoona tabia tusiyoielewa, halafu tukamshika kwa nguvu watu wanne na kumsomea kwa kelele kwenye sikio ambalo kelele ndiyo inayoliumiza. Ukitaka kumwombea, mwombee kimya. Mola wako anasikia, na mtoto hataumia.

Mama yake alinieleza mambo ambayo hakuyasoma popote. Kopo lile la mahindi, kwa mfano. Mimi niliona ni mchezo, kumbe ni saa. Wakitaka kutoka anamwambia: kopo likijaa, tunaondoka. Mtoto anaona mwenyewe muda unavyokwisha, punje kwa punje, na likijaa anasimama bila kulazimishwa. Kinachomvuruga si kuondoka. Ni kuondolewa ghafla. Ramadhani, alisema, ndiyo mwezi mgumu kuliko yote kwao, na sisi tunaiita mwezi wa utulivu! Chakula kimebadili saa, usingizi umekatwa kwa daku, nyumba ina wageni jioni, uji umetiwa pilipili manga ambayo jana haikuwemo. Kwetu hiyo ni raha ya mwezi. Kwake ni kama kuamka ukakuta mlango wa nyumba umehamishiwa ukuta mwingine. Kwa hiyo chakula chake cha mchana hakibadiliki saa, sahani ni ileile, na ugali hauguswi na mchuzi. Walianza kumwonyesha mwezi kabla haujaandama: picha alizochora dada yake kwa kalamu, jua, giza, tende, watu wanaswali, kitanda. Zimebandikwa ukutani kwa mpangilio. Kila jioni anazigusa moja moja.

Na yale magunia mawili? Nilidhani amejificha. Mama akasema hapana, anajibana mwenyewe, mwili ukibanwa anapumua. Baadaye nilisoma habari za Temple Grandin, mwanamke wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1947, mwenye usonji, ambaye leo ni profesa wa elimu ya mifugo. Alipokuwa msichana alikwenda kwenye shamba la ng'ombe la shangazi yake huko Arizona, akaona ng'ombe wanavyoingizwa kwenye kibanio wachanjwe, kibanio kama hivi vyetu vya mbao au mabomba. Akaona baadhi yao, zile mbao zikiwabana pande mbili, wanatulia. Yeye ambaye alikuwa hawezi kukumbatiwa na mtu aliomba aingie humo. Kisha akajitengenezea chake, cha kubana mwili pole pole. Lakini angalieni jambo hili, maana ndilo nililolifuata: mpini ulikuwa mkononi mwake. Yeye ndiye aliyebana na yeye ndiye aliyelegeza. Kubanwa uleule, ukifanywa na watu wanne wanaokuzunguka msikitini, ni hofu. Ukiufanya mwenyewe, ni raha. Tofauti haiko kwenye nguvu. Iko kwa nani ameshika mpini.

Nikakumbuka hadithi ambayo nimeisoma mara nyingi na sikuwahi kuiona. Ameipokea Imamu Muslim kutoka kwa Anas (radhi za Allah ziwe juu yake): alikuwepo mwanamke Madina, akilini mwake mna kitu. Akamwambia Mtume (rehema na amani zimshukie) kwamba ana haja naye. Mtume hakumwambia njoo msikitini, wala njoo kesho na ndugu yako. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo, atamfuata huko amkidhie haja yake. Akaenda naye mpaka akamaliza. Sisemi kwamba mama yule alikuwa na usonji, hilo Allah ndiye ajuaye, na wala usonji si upungufu wa akili. Ninachokiona ni kwamba mtu mwenye shughuli kuliko watu wote wa mji alimwachia mpini yule ambaye mji mzima ulikuwa na sababu ya kutomsikiliza. Mahali achague yeye. Muda uishe kwa haja yake yeye.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, maana sitaki kuwaandikia mambo matamu tu. Nilipolileta jambo hili kwenye kikao chetu, mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu sana, aliuliza: "Na sisi tusiosikia vizuri? Mkizima spika kwa ajili ya mtoto mmoja, wazee kumi tutamsikia vipi imamu? Na khushuu ya jamaa nzima haina haki?"

Ni swali la haki. Sikulijibu siku ile. Nimelizungusha kichwani wiki nyingi.

Khushuu ina haki, ndiyo. Lakini tazameni Mtume alifanya nini haki mbili zilipogongana. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akiingia kwenye swala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha akasikia mtoto analia, akaifupisha, kwa sababu ya kujua uchungu unaomshika mama yake. Hebu fikirini. Swala ya faradhi, nyuma ya mbora wa viumbe, kuna masahaba waliotamani isiishe. Hakumwambia mama atoke. Hakuagiza mtoto anyamazishwe. Aliyebadilika ni yeye imamu, akabadilika bila kutangaza, na huenda safu za mbele hawakujua kwa nini leo sura ni fupi. Nilichofahamu mimi ni kwamba panapogongana, mzigo unahamia kwa anayeweza kuubeba. Mimi naweza kuswali na sauti ndogo. Mzee wetu anaweza kusogea safu ya kwanza, na ni fadhila kwake. Yule mtoto hawezi kubadilisha masikio yake.

Tena spika si ibada. Ni chombo tu, na tumekizoea mpaka tukadhani ukubwa wa sauti ndio ukubwa wa swala. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Said al-Khudri kwamba Mtume alikuwa katika itikafu akasikia watu wanasoma kwa sauti za juu, akafunua pazia akawaambia kwamba kila mmoja anazungumza na Mola wake kwa siri, basi wasiudhiane, wala mmoja asimpandishie mwenzake sauti katika kusoma. Na hapo ilikuwa Qur'ani, haikuwa muziki.

Mwingine kwenye kikao alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba tutafute siku moja tuwe na darsa maalumu kwa watoto kama hawa, peke yao, ili wawe salama. Nilinyamaza kidogo, maana lilinikumbusha kitu kilicho jirani sana nasi. Sote tunapajua Kabanga. Ile miaka ya karibu na 2008, watu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa na Magharibi, watoto walikusanywa pale shuleni Kabanga ili wasidhuriwe. Ilikuwa lazima, na Allah awalipe waliowapokea. Lakini ni nani aliyehamishwa? Alihamishwa mtoto, akaacha mama yake na kitanda chake. Mwenye panga hakuhamishwa. Tabia hiyo tunayo hata kwenye mambo madogo ambayo hayana panga: kikimuumiza kitu, tunamwondoa yeye tunakiacha kitu. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofanya usiku ule. Spika ilibaki mahali pake, mtoto akaenda kwenye mvua. Darsa lake peke yake huenda likawa na faida siku moja. Lisiwe ndilo jibu letu la kwanza. Kule Dar es Salaam kuna shule ya msingi ya Msimbazi Mseto, ambapo watoto wenye usonji wana madarasa yao ndani ya shule ileile wanayosoma wenzao. Ua ni mmoja na kengele ni moja.

Sitaki pia tuanze kumwita malaika. Nimesikia maneno hayo, "hawa ni malaika, baraka ya nyumba". Mama yake ana alama za meno mkononi. Hajaswali tarawehe msikitini miaka sita. Dada yake, binti wa miaka kumi na tatu, hawezi kwenda kwa rafiki yake jioni kwa sababu ndiye anayejua kupanga picha. Ukimwita mtoto malaika, wewe unapumzika na mama anabaki na kazi. Mwenye kutaka thawabu, basi mama yule angependa saa moja tu ya kulala baada ya adhuhuri. Dada zangu mnaoishi karibu naye mnajijua. Nendeni kwanza mkakae naye mtoto akuzoeeni, siku tatu, siku nne, bila kumshika wala kumlazimisha salamu. Kopo mtaoneshwa.

Na kama ikitokea tena amefurika, iwe msikitini, sokoni au stendi, mambo ni machache na ni mepesi kuyasema kuliko kuyafanya. Punguzeni kelele, sio kuongeza. Mtu mmoja tu abaki naye, yule anayemjua, wengine rudini nyuma. Yule bedui aliyekojoa msikitini, masahaba walimkimbilia, Mtume akawazuia wamwache amalize; ilikuja kumwagwa ndoo ya maji na mambo yakaisha. Maneno yawe machache, sauti ya chini, na usimtake akutazame machoni. Usimshike isipokuwa anajiumiza au anaelekea barabarani. Kama anapiga kichwa, weka kitu laini katikati ya kichwa na ukuta, hata kiwe koti lako. Halafu ngoja. Inaweza kuwa dakika tano, inaweza kuwa arobaini. Ikiisha, usimhoji wala usimtolee hotuba, mpe maji. Atakuwa amechoka kama mtu aliyetoka kulima.

Siku ya Idi nayo tuifikirie kabla. Mnajua tulivyo: takbira, kukumbatiana, kila mtoto anapigwa busu na mafuta ya atari. Kama haupokei mkono wako, uweke mkono kifuani na umpe tabasamu ukipita. Salamu imefika. Na wazazi, hiyo nguo mpya ifueni mara mbili tatu kabla na lebo ya shingoni ikateni. Hata kanzu ya mwaka jana inafaa.

Baba yake nilimpigia juzi. Nilimwambia tulichokubaliana kwenye kikao, naye akasema, "Marahaba ustadh, tutaona kopo litakavyosema." Hakuahidi, na sikumbana.

Tulichokubaliana ni hiki, na mkipokee kama tangazo. Kuanzia leo usiku spika ya nyuma, upande wa mlango wa udhu, haitawashwa. Fundi ameshachomoa waya, msiurudishe. Amplifaya ina alama ya wino mwekundu, sauti isivuke hapo hata mvua ikinyesha. Wazee wenye masikio mazito wamewekewa nafasi safu ya kwanza kulia, na yule mzee wetu aliyeuliza ndiye wa kwanza kuichukua, Allah amzidishie. Kona ya nyuma kushoto, kwenye nguzo, pana mkeka mdogo umetandikwa peke yake. Pasikaliwe na mtu, pasiwekwe viatu. Udi usifukizwe upande ule.

Akija, msigeuke kumtazama. Akiyumba mbele na nyuma wakati tumesimama, aachwe ayumbe. Akitoka rakaa ya pili na kopo lake, mpisheni njia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.